Jon Postel na Daftari la Mtandao

Mali bila daftari, wahenga walituusia, hupotea bila habari. Aghalabu sisi walimu huifundisha methali hii kana kwamba inawahusu wenye maduka pekee, ilhali maana yake ni pana zaidi. Katika makala haya ningependa kusimulia maisha ya Mmarekani mmoja aliyefariki mwaka wa 1998, ambaye kwa takriban miaka 30 aliweka daftari la mali isiyokuwa yake. Lau si daftari hilo, ni muhali kuwaza jinsi tarakilishi za ulimwengu zingeweza kuelewana. Jina lake lilikuwa Jonathan Bruce Postel, na wote waliofanya kazi naye walimwita Jon tu.

Huenda msomaji akashangaa ni jambo gani lililompeleka mwanaisimu kwenye nyaya na mitambo. Jibu langu ni kwamba mtandao ni suala la lugha kabla ya kuwa suala la umeme. Tarakilishi mbili zilizoundwa na viwanda viwili tofauti ni mfano wa wageni wawili waliokutana njiani, kila mmoja na lugha yake. Sharti wapatane nani aanze kusema, mwenzake ajibu vipi, na wafanye nini endapo neno litapotea kabla ya kufika. Mapatano ya aina hii tunayaita itifaki, neno ambalo Kiswahili kililipata kutoka Kiarabu, na asili yake huko ni kukubaliana. Neno la Kizungu lenye maana hiyohiyo lina asili ya Kigiriki, nalo lilitaja karatasi ya kwanza iliyogandishwa mwanzoni mwa gombo la mafunjo. Basi tuna mapatano kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili karatasi inayoyahifadhi. Maisha ya Postel yalikuwa baina ya mambo hayo mawili.

Alizaliwa tarehe 6 Agosti 1943 katika mji wa Altadena, jimbo la California. Masomo yake ya sekondari aliyapata katika shule ya Van Nuys, Los Angeles, ambako pia walisoma Vinton Cerf na Stephen Crocker, vijana wawili waliokuja kuwa nguzo za fani hii. Baadaye alijiunga na Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, akapata shahada ya uhandisi mwaka wa 1966, ya uzamili mwaka wa 1968, na ya uzamifu katika sayansi ya tarakilishi mwaka wa 1974. Alikuwa mtu wa ndevu ndefu na makubazi, apendaye kupanda milima, mwenye maneno machache.

Mnamo mwaka wa 1969, shirika la utafiti la Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ARPA, lilikuwa likigharimia jaribio la kuziunganisha tarakilishi za vituo vya utafiti vilivyo mbalimbali. Kituo cha kwanza kilikuwa hapo chuoni kwa Postel, katika maabara ya Profesa Leonard Kleinrock, na Postel alikuwa mmoja wa wanafunzi waliofanya kazi humo. Tarehe 29 Oktoba mwaka huo walijaribu kutuma neno la kwanza hadi Taasisi ya Utafiti ya Stanford. Herufi mbili zilifika, kisha mtambo wa upande wa pili ukazimika. Walijaribu tena baadaye na wakafaulu. Kufikia mwisho wa mwaka vituo vilivyounganishwa vilikuwa vinne tu.

Hata hivyo, tukio lililo na uzito zaidi kwangu lilitangulia hilo kwa miezi sita. Tarehe 7 Aprili 1969, Stephen Crocker alitoa hati fupi iliyoeleza jinsi tarakilishi hizo zingeweza kuzungumza. Aliiandika usiku bafuni ili asiwaamshe wenzake nyumbani. Kikundi chao kilikuwa cha wanafunzi, na hawakuwa wamekabidhiwa rasmi mamlaka ya kuamua lolote. Walichelea kwamba wakubwa wangetokea siku moja na kuwauliza ni nani aliyewatuma. Kwa hivyo Crocker aliipa hati yake jina la unyenyekevu, Ombi la Maoni, na hati zilizofuata zikarithi jina hilo. Ulimwenguni kote zinajulikana kwa herufi tatu, RFC. Yeyote aliyekuwa na hoja, awe profesa au mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, aliruhusiwa kuandika ya kwake, nayo ikapewa nambari na kuwekwa katika mfululizo.

Tuulinganishe utaratibu huu na historia ya lugha yetu. Usanifishaji wa Kiswahili ulizungumzwa katika mkutano wa Mombasa mwaka wa 1928, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka wa 1930. Lahaja ya Kiunguja ilifanywa kuwa msingi, tahajia ikaamuliwa, vitabu vikakaguliwa. Sikanushi manufaa ya kazi hiyo; bila tahajia moja mimi na wewe, msomaji, tusingekutana katika ukurasa huu. Ila waliozungumza Kimvita, lahaja yenye hazina kubwa ya ushairi, walihisi kwamba jambo limeamuliwa juu ya vichwa vyao, na malalamiko hayo hayajesha. Usanifu ni wa lazima pale watu wengi wanapotaka kuelewana. Namna ya kuufikia ndiyo huamua iwapo watu watauona kuwa mali yao au amri ya mwingine.

Postel aliufahamu ukweli huo. Tangu siku za mwanzo alibeba jukumu la kuwa mhariri wa hati za RFC, na aliendelea nalo hadi kifo chake. Kufikia wakati huo hati hizo zilikuwa zaidi ya 2,400, na yeye mwenyewe aliandika au alishiriki kuandika zaidi ya 200. Kila moja ilipitia chini ya kalamu yake. Ilipokuwa na utata aliirudisha. Iliposema jambo kwa namna mbili, alimtaka mwandishi achague moja. Alisisitiza zitolewe kwa maandishi ya kawaida yanayoweza kusomwa na mtambo wa aina yoyote, bila mapambo, tena bila malipo.

Kanuni iliyokuwa muhimu kuliko zote ni kwamba hati ikishatolewa haiguswi. Kosa likigunduliwa, au fikira mpya ikizuka, huandikwa hati mpya yenye nambari mpya, nayo hutamka wazi ni hati gani iliyotanguka. Ile ya kale hubaki mahali pake. Kwa sababu hiyo mwanafunzi wa leo anaweza kusoma hati ya Crocker ya 1969 jinsi ilivyokuwa, kisha akafuata hatua kwa hatua namna fikira zilivyokua na kusahihishwa. Ni taasisi ngapi zetu zinazoweza kumwonyesha mgeni sababu ya uamuzi uliofanywa miaka 10 tu iliyopita?

Jukumu la pili la Postel lilikuwa la nambari. Mtambo mmoja hutoa huduma nyingi kwa wakati mmoja: kupokea barua, kuhamisha majalada, kuonyesha kurasa. Ujumbe unapofika, lazima ujulikane umekusudiwa huduma gani, kama vile barua ifikapo posta na kutiwa katika sanduku lenye nambari yake. Iwapo kila chuo kitajichagulia nambari kipendavyo, barua zitaingia masanduku yasiyo yake. Mwezi wa Mei 1972 Postel aliandika hati fupi akipendekeza awepo mtu mmoja wa kugawa nambari hizo na kuziandika, na kwa mzaha wake akajipendekeza yeye mwenyewe kwa cheo cha mfalme wa Urusi ya kale. Hapakuwa na aliyekitamani cheo hicho, kwani kilikuwa cha kazi tupu. Hadi leo huduma ya kupeleka barua pepe hutumia nambari 25, na kurasa za wavuti zilipokuja zikapewa nambari 80. Kila baada ya muda orodha nzima ilichapishwa upya katika hati ya RFC. Msaidizi wake mkuu katika shughuli hii alikuwa Joyce Reynolds, na orodha ya mwisho ya namna hiyo ilitoka kwa majina yao wawili mwezi wa Oktoba 1994.

Mwaka wa 1977 Postel alihamia Taasisi ya Sayansi ya Habari ya Chuo Kikuu cha Southern California, iliyoko Marina del Rey, na hapo ndipo alipofanyia kazi hadi mwisho wa uhai wake. Mwaka huohuo alitoa hoja nzito kuhusu itifaki mpya iliyokuwa ikitayarishwa na Cerf pamoja na Robert Kahn. Itifaki hiyo ilijaribu kufanya kazi mbili pamoja: kupitisha vifurushi vya habari kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, na kuhakikisha kwamba vyote vimefika kwa mpangilio. Postel alishikilia kwamba hizo ni kazi mbili za matabaka mawili, na kuzichanganya ni kuharibu ramani ya jengo. Wenzake walikubaliana na hoja hiyo. Zikapatikana itifaki mbili, IP na TCP, na mwezi wa Septemba 1981 zikatolewa katika hati nambari 791 na 793, zote mbili zikihaririwa na Postel. Mwaka uliofuata aliandika itifaki ya kupeleka barua pepe. Mpango wa kuhama kutoka itifaki ya kale kwenda mpya aliuandika yeye pia, na siku ya kuhama ikawa tarehe 1 Januari 1983. Mhandisi anayebuni mtandao wa benki au wa wizara siku hizi hupanga kazi yake kwa matabaka hayohayo.

Ndani ya maandishi hayo mna kanuni moja iliyobeba jina la Postel. Aliwataka watengenezaji wa programu wawe waangalifu mno katika ujumbe wanaoutuma, na wavumilivu kwa ujumbe wanaoupokea kutoka kwa wengine. Kwa mwanaisimu, hii ni kanuni ya mazungumzo ya waungwana: mtu huchagua maneno yake kwa uangalifu, lakini hamkatizi mgeni kwa kuwa amekosea ngeli. Uvumilivu huo uliwezesha mitambo mingi isiyo kamili kuungana wakati mtandao ulipokuwa bado mchanga. Pamoja na hayo, wahandisi wa baadaye wameihoji kanuni hiyo, na mwaka wa 2023 ikatoka hati ya RFC ikieleza kwamba kosa linalovumiliwa kwa muda mrefu hugeuka kuwa desturi, kisha wote hulazimika kulifuata. Walimu wa lugha hawahitaji kuelezwa jambo hilo. Linalonipendeza ni kwamba kanuni ya Postel inasahihishwa kwa njia ileile aliyoilinda, yaani kwa hati mpya iliyo wazi kwa kila msomaji.

Mtandao ulipopanuka, orodha moja ya majina ya mitambo haikutosha tena. Mwaka wa 1983 Paul Mockapetris, aliyekuwa katika taasisi moja na Postel, alibuni mfumo wa majina ya vikoa. Ikabidi iamuliwe ni nchi gani zipewe vikoa na kwa herufi zipi. Huo ungeweza kuwa ugomvi wa dunia nzima, kwani nani atathubutu kusema eneo fulani ni nchi na lingine si nchi? Postel aliukwepa mtego huo kwa busara. Alichukua orodha ya herufi mbilimbili iliyokwisha kuwekwa na shirika la viwango la kimataifa, ISO, akasema atakayekuwemo katika orodha hiyo atapewa kikoa. Katika hati yake ya Machi 1994 alifafanua kwamba anayesimamia kikoa cha nchi ni mdhamini kwa niaba ya wananchi wa nchi hiyo na jamii nzima ya mtandao. Mazungumzo ya haki na umiliki hayana nafasi, cha muhimu ni wajibu na huduma. Kikoa cha Kenya, chenye herufi ke, kilikuwa kimeandikishwa mwaka wa 1993, enzi za daftari la Postel. Kilisimamiwa kwanza na wataalamu waliojitolea, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 jukumu hilo likahamia kwa taasisi ya KENIC.

Lakini simulizi hii ina upande wake mgumu. Kazi ya kugawa nambari na majina, iliyokuja kuitwa IANA, ilikaa kwa miaka mingi katika ofisi ya mtu mmoja na wasaidizi wachache, ikitegemea fedha za utafiti za serikali ya Marekani. Majina ya vikoa yalipogeuka kuwa biashara nono katika miaka ya 1990, swali likazuka kuhusu nani mwenye amri juu ya daftari. Tarehe 28 Januari 1998 Postel aliwaomba wasimamizi wa seva nane, kati ya zile 12 zilizonakili orodha kuu ya majina, waichukue orodha hiyo kutoka kwake badala ya kampuni iliyokuwa na kandarasi ya serikali. Wote wanane walitii, kwa sababu walimwamini. Mshauri wa Ikulu ya Marekani alimpigia simu kwa ukali. Postel alieleza kwamba lilikuwa jaribio, na baada ya siku chache mambo yakarudishwa yalivyokuwa.

Wapo waliomwona shujaa na wapo waliomwona mkosefu. Kwa maoni yangu tukio lile lilidhihirisha mambo mawili. Kwanza, mamlaka yake yalitokana na imani iliyojengwa kwa miaka mingi ya kazi safi. Pili, si salama hazina ya dunia nzima kutegemea imani kwa mtu mmoja, hata akiwa mwadilifu namna gani. Postel alilitambua hilo, na miezi yake ya mwisho aliitumia kusaidia kuunda shirika la kuichukua kazi hiyo, ICANN, lililoandikishwa tarehe 30 Septemba 1998. Siku 16 baadaye, tarehe 16 Oktoba, alifariki mjini Los Angeles kutokana na matatizo yaliyofuatia upasuaji wa moyo. Alikuwa na umri wa miaka 55. Rafiki yake Cerf alimwandikia tanzia, nayo ikatolewa kama hati ya RFC, nambari 2468. Daftari alilolilinda likampokea naye pia.

Sasa nigeukie kwetu. Katika shule na vyuo vingi nchini, mtandao wa tarakilishi huwekwa kwa shangwe, mgeni wa heshima akakata utepe, na picha zikapigwa. Waya umepitia wapi, swichi gani inahudumia darasa gani, anwani zipi zimegawiwa mitambo ipi, nywila zimehifadhiwa wapi: hayo yote humo kichwani mwa fundi mmoja. Nimeshuhudia chuo kimoja kikikaa siku kadhaa bila mtandao katika juma la kuandaa mitihani, kwa kuwa fundi wake alikuwa amehamia kazi nyingine, na waliobaki walikuwa wakichomoa waya mmoja baada ya mwingine ili wajue upi ni upi. Hapakuwa na kilichoharibika ila swichi moja, ambayo ingebadilishwa kwa muda mfupi lau ingejulikana iko chumba kipi. Chuo hicho hakikukosa mali. Kilikosa daftari.

Dawa ya maradhi haya haihitaji fedha za wafadhili. Mchoro wa jengo unaoonyesha nyaya na vyumba, kibandiko chenye nambari kwenye kila ncha ya waya, orodha ya anwani na mitambo yake, na kumbukumbu yenye tarehe ya kila badiliko, pamoja na jina la aliyelifanya na sababu yake. Yale ya zamani yasifutwe, yaonyeshwe tu kwamba yametanguka. Nakala ihifadhiwe mahali zaidi ya pamoja, na zaidi ya mtu mmoja wajue ilipo. Wanafunzi wa somo la tarakilishi wapewe kazi hiyo chini ya uangalizi wa mwalimu, isipokuwa nywila, ambazo zitunzwe na ofisi. Watajifunza mtandao kwa kuuandika kuliko watakavyojifunza kwa kukariri istilahi za mtihani.

Tena waiandike kwa lugha inayoeleweka na wote watakaoisoma, Kiswahili kikiwemo. Msamiati upo: anwani, tabaka, itifaki, kikoa, seva. Palipo na upungufu, wapendekeze neno, waombe maoni, kisha waandike walilokubaliana.

Vijana wetu wengi huota kuwa wavumbuzi, na si vibaya kuota. Ila kila uvumbuzi humhitaji atakayeuandika kwa usahihi, akaulinda dhidi ya utata, na akaukabidhi kwa wengine ukiwa mzima. Anayeifanya kazi hiyo katika shule yako, awe karani, mwalimu au mwanafunzi, yafaa umheshimu. Na ikiwa hayupo, basi tafuta daftari uanze wewe.